Dawa ya Kisiki

Shamba la miti lililokosa palizi kwa misimu miwili, liwe la mitiki kama yale ya Longuza wilayani Muheza na Mtibwa mkoani Morogoro, au la misonobari kama lile la Sao Hill wilayani Mufindi, humfanya mgeni aliyeambiwa aje autazame msitu asione ila kichaka. Kwa maana mche uliogharimiwa kitaluni, ukachimbiwa shimo na kupandwa kwa mkono, umefunikwa kabisa, na juu yake yametanda matawi yenye vijiba vilivyopinda, na maua ya rangi mbili tatu katika kichwa kimoja, manjano, mekundu na ya waridi, yenye kupendeza kwa kuyatazama na kukera kwa kuyapitia. Hiyo ndiyo lantana. Asili yake ni nchi za joto za Amerika. Wapenda bustani wa Ulaya waliichukua tangu karne ya 17 kwa uzuri wake, wakaisambaza katika makoloni yao iwe pambo na ua wa nyumba, na kutoka uani ndege waliokula vijitunda vyake vyeusi wakaieneza mabondeni na milimani pasipo kumwomba mtu idhini.

Magugu tuyazoeayo ni yale ya jembe, ambayo mkulima wa mahindi huyang'oa asubuhi yakanyauka adhuhuri. Walakini mashamba ya misitu yana magugu ya sampuli nyingine, yenye gome na mbao na mizizi ya kushindana na miti yenyewe, na mengi katika hayo yalikaribishwa kwa heshima. Mathenge, ambao wataalamu huuita Prosopis juliflora, ulipandwa Bamburi karibu na Mombasa mwaka 1973 ili kuyavika majani machimbo ya mawe ya saruji, na katika miaka ya 1980 ukapelekwa Baringo, Turkana na Bura ya Mto Tana kwa nia njema ya kuwapatia watu kuni na kuuzuia ukame usizidi. Kisha ukaondoka pale ulipopandwa ukaingia malishoni na kando ya mito, hata katika kesi iliyofunguliwa mwaka 2006 wafugaji wa Baringo wakamleta mahakamani Nairobi mbuzi aliyekosa meno, awe ithibati ya madhara ya maganda matamu ya mti huo, na mwaka 2008 serikali ya Kenya ikautangaza rasmi kuwa gugu. Muwati, mti wa kusini-mashariki mwa Australia, ulipandwa Lushoto na Njombe kwa ajili ya gome lake linalotumika kutengenezea ngozi. Musizi, ambao huko Uganda uko kwao na watu huupanda kwa mbao zake za haraka, uliletwa Amani katika Usambara ya Mashariki zama za Wajerumani, na hondohondo waliopenda matunda yake wakazimwaga mbegu ndani ya msitu wa asili, hasa pale palipokatwa magogo pakaachwa wazi. Kwa hiyo ugugu haumo katika umbile la mti. Umo katika mahali uliposimama na katika matakwa ya mwenye mahali hapo, na jambo hilo nitalirejea, kwani lina kisa chake huko Budongo.

Muradi wangu hapa ni kueleza jinsi wenye mashamba ya misitu wanavyoitumia dawa kuyaua magugu hayo ya miti, na kwa nini mara nyingi fedha yao hupotea. Nionavyo mimi, dawa yenyewe ndiyo sehemu nyepesi ya kazi. Uzito uko katika mkono unaoitia na katika miguu inayorudi kutazama. Wengi hupanga bajeti ya chupa, wachache hupanga bajeti ya kurudi.

Kwanza na tuone kwa nini panga peke yake halitoshi. Mti ukatwapo karibu na ardhi huwa umepoteza majani na shina tu. Mizizi ingali na akiba yake ya wanga iliyowekwa msimu mzima, na kwenye shingo ya kisiki, chini ya gome, yamelala macho mengi yasiyoonekana, ambayo muda wote shina lilipokuwa zima yalizuiwa yasichipue na amri itokayo kwenye ncha za juu. Ncha zikiondolewa, amri imekatika, na macho yote huamka kwa pamoja. Lantana iliyofyekwa mwezi wa pili huwa na machipukizi matano au kumi mahali pa shina moja kabla mvua za masika hazijakwisha, na mathenge hufanya vivyo hivyo kwa nguvu zaidi. Hivyo kibarua aliyelipwa kulisafisha shamba kwa hakika amelipwa kulipogolea gugu, na mwaka wa pili atakuta kazi iliyo ngumu kuliko ile ya kwanza, maana shina moja lililonyooka lilikatika kwa pigo moja, ilhali kichaka cha mashina kumi kinamzuia hata kukikaribia. Kung'oa kisiki pamoja na mizizi kwa sururu ni tiba kamili, nami sina la kuisemea vibaya isipokuwa hili, kwamba yafaa kwa ekari moja ya nyumbani na haifai kwa maelfu ya hekta za serikali, na kwamba katika mteremko huulegeza udongo ambao msitu ulipandwa ili uushike.

Chakula cha mti hutengenezwa majanini, nacho hushuka mizizini kwa njia ya tabaka jembamba lililo mara tu chini ya gome, la unene wa kucha au pungufu, wakati moyo wa shina, ule ubao mgumu wa katikati, huwa umekwisha kufa zamani na kazi yake ni kuusimamisha mti tu. Anayeuelewa mpango huo ameielewa nusu ya elimu ya dawa za miti, kwa sababu dawa inayotakiwa ni ile iwezayo kupanda chombo kile kile kinachobeba chakula, ishuke nacho mpaka kwenye mizizi, ikaue kule ambako panga halifiki. Parakwati, kwa mfano, haifai hata kidogo kwa kazi hii; huunguza kila jani inaloligusa kwa siku moja au mbili, mwenye shamba akafurahi kuona wekundu, kisha mizizi ambayo haikuguswa ikachipua upya; juu ya hayo ni sumu isiyo na kiuasumu kwa mtu aliyeinywa, na nchi nyingi zimekwisha kuipiga marufuku.

Njia iliyo bora, na ambayo ningependa kuikalia zaidi, ni ya kukipaka kisiki. Hufanywa na watu wawili wanaokwenda pamoja bila ya kuachana: mmoja ana panga au msumeno, wa pili ana kopo na brashi. Wa kwanza hukata chini kabisa, kiasi cha upana wa kiganja kutoka ardhini au chini ya hapo, na hukata mlalo, maana kisiki kilichokatwa mshazari huitiririsha dawa ikaangukia udongoni, mbali ya kuwa ni mkuki unaomngoja mtu mwenye ndala. Wa pili huifuta ungaunga wa mbao kwa ncha ya brashi, kwa kuwa ungaunga hunyonya dawa ambayo haikukusudiwa kwake, halafu hupaka. Ikiwa kisiki ni chembamba kama kidole gumba hupakwa uso wote. Kikiwa kinene hupakwa pete ya nje tu, ile inchi ya ukingoni iliyo hai pamoja na gome lake, kwani kuumwagia moyo wa mti dawa ni sawa na kumtilia maiti uji mdomoni. Ndani ya dawa hutiwa rangi, nyekundu au ya buluu, na hiyo si urembo: msimamizi apitaye nyuma huona kwa jicho moja kisiki kipi kimepakwa na kipi kimesahauliwa, na mpakaji mwenyewe huona rangi ikimwambia kwamba glovu yake imetoboka.

Wakati ndio unaowashinda wengi. Glaifoseti, ambayo John Franz wa kampuni ya Monsanto aligundua nguvu yake ya kuua mimea mwaka 1970 ikaanza kuuzwa mwaka 1974, huchanganywa na maji, na ipakwe juu ya jeraha bichi, dakika chache tu baada ya kukata, kabla utomvu haujakauka na kuiziba mishipa. Mahali ambapo kundi la wakataji hutangulia asubuhi, na wapakaji wakafuata baada ya chakula cha mchana, dawa hukauka juu ya kisiki kama rangi juu ya mlango, na miezi mitatu baadaye watu husema kwamba dawa ilikuwa bandia. Yawezekana kweli ilikuwa bandia, kwani soko letu halikosi bandia. Lakini kabla ya kumshitaki muuzaji yafaa kuuliza mchana ule palipita saa ngapi kati ya panga na brashi.

Liko na jambo la maji, ambalo halisemwi vya kutosha. Glaifoseti ina tabia ya kushikamana na udongo wa mfinyanzi kwa nguvu kiasi cha kupoteza ukali wake, na tabia hiyo ina faida, kwa kuwa ikianguka chini haiendi mbali na haiuui mche wa jirani kwa kupitia mizizi. Lakini anayechota maji ya tope mtoni na kuyatia katika bomba la mgongoni amekwisha kuiua dawa kabla ya kuifikisha kwenye jani, na hali ni hiyo hiyo kwa majani yaliyojaa vumbi la barabara. Maji yawe safi ya kunyweka, na majani yawe yameoshwa na mvua ya jana, si ya leo. Hata hali ya mti wenyewe ina taathira yake: mti uliodhoofika kwa kiangazi, uliokunja majani na kusimamisha shughuli zake, haushushi chakula mizizini, wala hautashusha sumu.

Triklopiri ni ya jamii nyingine. Huiga homoni ya ukuaji ya mmea, ukuaji ukavurugika, majani yakajikunja na mashina yakapindana hata mmea ukajimaliza wenyewe. Nayo haiyadhuru sana majani ya jamii ya nyasi, jambo lililo na manufaa mahali ambapo nyasi zinatakiwa zibaki kuushika udongo. Ipo ya kuchanganya na dizeli, na kwa kuwa mafuta hupenya gome, si lazima mti ukatwe. Hupakwa au hunyunyiziwa kuanzia ardhini kwenda juu kiasi cha sentimita 30, kuuzunguka mti pande zote, na gome liwe kavu. Huko Australia, ambako lantana imehesabiwa miongoni mwa magugu mabaya ya taifa zima, kipimo kinachojulikana kwa aina moja ya dawa hiyo ni lita 1 kwa lita 60 za dizeli. Anayeacha upande mmoja usipakwe, kwa kuwa upande huo una miba, ameuachia mti njia ya kuishi. Kwa miti minene kama musizi hutemwa mashimo ya shoka kuuzunguka mwili, kila shimo likatiliwa dawa kidogo papo hapo, mti ukafia wima na kuanguka kidogo kidogo bila ya kuivunja miche iliyo chini yake. Kunyunyizia majani kwa bomba, ambako ndiko watu hukimbilia kwanza kwa sababu kunaonekana ni rahisi, kunafaa kwa machipukizi yasiyozidi kimo cha kiuno na mahali palipo mbali na mche uliopandwa. Upepo mdogo wa saa nne za asubuhi watosha kuihamishia dawa kwenye mtiki wa mwaka mmoja, ukafa pamoja na gugu lililokuwa likiusumbua.

Zipo dawa nyingine zinazotaka hadhari zaidi ndani ya shamba la miti. Pikloramu hukaa udongoni kwa miezi mingi na hutembea na maji. Imazapiri huweza kutoka katika mizizi ya mti uliotiwa dawa ikaingia katika mizizi ya jirani, na jirani huyo pengine ndiye uliyempanda.

Sasa nirejee Budongo. Katika msitu huo wa magharibi mwa Uganda, kuanzia miaka ya 1950, idara ya misitu ya wakati ule ilitaka mikangazi iongezeke kwa ajili ya mbao, ikaihesabu miti isiyokuwa na soko kuwa magugu, hususa muhimbi ambao ugumu wake uliwachosha wenye misumeno. Ikawatuma watu waitie sumu miti iliyosimama, nayo ilikuwa ni mchanganyiko wa 2,4-D na 2,4,5-T katika dizeli. Msomaji aliyeishi zama za vita vya Vietnam atazitambua herufi na tarakimu hizo, maana dawa hizo mbili, zikichanganywa nusu kwa nusu, ndizo majeshi ya Marekani yalizomwaga kwa ndege juu ya misitu ya nchi ile. Na ndani ya 2,4,5-T mlikuwa na uchafu wa dayoksini uliozaliwa kiwandani, ambao ni miongoni mwa sumu kali zijulikanazo. Marekani iliikomesha kabisa 2,4,5-T mwaka 1985. Hivi leo Budongo ni mashuhuri duniani kwa sokwe wake, na mbegu za muhimbi ni chakula chao katika msimu wake. Maafisa wale hawakuwa wajinga wala waovu. Walikuwa na hesabu ya mbao mikononi, na katika hesabu ile sokwe hakuwa na safu yake. Nalitaja hili kwa kuwa hata sasa orodha ya miti ya kuua hutungwa ofisini, na ni vizuri kabla brashi haijachovywa mtu anayeijua miti ya hapo apite ayatie alama magugu yenyewe, ili kibarua asiupake mvule mchanga kwa kudhani ni lantana.

Kuhusu siha za watu, maneno ni mengi na nitayafupisha. Taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani iliiweka glaifoseti mwaka 2015 katika kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani kwa wanadamu. Mamlaka za dawa za Marekani na Ulaya zikautazama ushahidi huo zikahukumu vinginevyo, na mabishano hayajesha. Mimi naona kwamba kibarua hana haja ya kuungojea mwisho wa mabishano hayo ndipo apewe glovu za mpira, buti, miwani na nguo ya kubadili, kwa sababu dawa isiyochanganywa bado huwasha ngozi na macho leo hii, na dizeli nayo si maziwa. Bomba linalovuja mgongoni humwogesha mtu dawa tangu asubuhi hata jioni, na nozeli iliyoziba haipulizwi kwa mdomo, ingawa ndivyo inavyofanywa kila mahali. Chupa tupu husuuzwa mara tatu, maji ya kusuuzia yakarudishwa katika bomba, kisha hutobolewa ili isipate kuwa dumu la mafuta ya taa au, Mungu apishe mbali, la maji ya kunywa. Dawa zinazoruhusiwa Tanzania husajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020, na kibandiko kilicho kwenye chupa ndicho chenye neno la mwisho juu ya vipimo, si makala hii wala fundi wa dukani. Mashamba yanayotaka cheti cha FSC, kile cha misitu inayotunzwa vyema, ili yauze mbao Ulaya yana sharti la zaidi: huulizwa kama hatari zilipimwa kabla, na kama njia isiyo na kemikali ilitazamwa kwanza.

Njia hizo zipo. Wadudu wa kuila lantana waliletwa Afrika Mashariki kwa matumaini makubwa, na mmoja katika wao, kunguni mdogo wa majani, huko Uganda katika miaka ya 1960 akaonekana juu ya ufuta wa watu akiula, jambo lililowafanya wataalamu wawe wazito wa kumfungulia mdudu mlango. Iliyofaulu zaidi, kwa maoni yangu, ni ile ya kumpa mkulima ardhi alime mahindi na maharage katikati ya miche kwa miaka miwili mitatu ya mwanzo. Kenya imekuwa nayo tangu 1910, imepigwa marufuku na kurudishwa zaidi ya mara moja kwa sababu za siasa na za uaminifu, lakini pale inaposimamiwa vyema jembe la mkulima anayetafuta chakula chake huipalilia miti pasipo mshahara, na hakuna gugu la miti linaloota likafika umri wa kuhitaji dawa.

Limebaki suala la mbegu, nalo ndilo linaloipotezea dawa heshima yake. Muwati hauchipui kisikini kwa nguvu kama lantana. Tegemeo lake ni mbegu ngumu zilizoanguka miaka yote na kuzikwa, ambazo zaweza kukaa udongoni hai hata miaka 50, na moto unapopita huzipasua ganda zikaota kwa wingi kama kitalu. Mtu anayekata miwati ili apande misonobari, akavipaka visiki vyote kwa uangalifu, kisha akachoma matawi juu ya ardhi, amewaamsha mwenyewe maadui aliodhani amewazika. Huyo asichome, au akichoma ajiandae kurudi baada ya mvua za kwanza, wakati vijimea vina kimo cha kidole na vinang'oleka kwa mkono bila ya tone la dawa, na arudi tena msimu wa pili, na wa tatu. Vivyo hivyo kwa visiki: hata wapakaji hodari huacha vichache vikachipua, na kuvirudia baada ya miezi sita ni kazi ya siku chache, ambapo kuvirudia baada ya miaka mitatu ni kuanza upya.

Lini basi mtu hupumzika? Katika misonobari, majani ya juu yakikutana na kufunga kivuli cha mwaka mzima, lantana iliyo chini hudhoofika na kukonda kwa kukosa jua, na msimamizi huweza kuhamishia watu wake kwenye kitalu kingine. Mtiki haumpi nafasi hiyo, kwa sababu hupukutisha majani yake kila kiangazi, jua likashuka mpaka chini kwa miezi kadhaa, na lantana ikapata fungu lake mwaka baada ya mwaka; kwa sababu hiyo wenye mitiki huwa na watu wa brashi na kopo hata katika mashamba ya miaka ishirini, ambayo mpita njia huyadhani kuwa yamekwisha kuwa msitu.